Harmony imerudi, lakini si kwa mpigaji wa Katwe

Juzi nilipeleka gitaa la marehemu mjomba kwa fundi Katwe, hapa Kampala. Ni Harmony ya zamani, ya Chicago. Rangi imelika pale mkono wa kulia unapoegemea, na kichwani kuna maneno ya Kiingereza yanayotangaza kwamba shingo yake imetiwa chuma. Chuma kimo kweli, ila hakikazwi wala hakilegezwi. Shingo ikipinda, na kwa unyevu huu wetu wa kando ya ziwa hupinda, hakuna skrubu ya kuzungusha. Fundi huikanda kwa moto, huibana kwenye jiliwa, kisha husubiri siku kadhaa.

Safari hii shingo ilikuwa nzima, ila sauti ilikuwa inakatika. Fundi alifungua skrubu chache, akanyanyua bamba, na mambo yote yakawa wazi mbele yetu: nyaya za kuhesabika, vitufe viwili, na pikapu, yaani kinasa sauti ya nyuzi, yenye uso wa karatasi ya dhahabu. Akaugusa waya mmoja kwa ncha ya bisibisi, ukayumba. Tone moja la risasi, moshi kidogo, basi. Chai yake ilikuwa bado ina mvuke alipolirudisha bamba. Alinidai shilingi 15,000.

Siku hiyohiyo jioni kijana ninayepiga naye alinionyesha kwenye simu picha za Harmony mpya, akaniuliza kama zina thamani ya bei yake. Nimekuwa nikilifikiria swali lake tangu hapo, na jibu langu limekuwa refu.

Harmony ilianzishwa Chicago mwaka 1892 na Wilhelm Schultz, mhamiaji kutoka Ujerumani. Mwaka 1916 ikanunuliwa na Sears, duka lililouza kila kitu kwa katalogi na kukituma kwa posta. Hapo ndipo siri yake ilipo. Mkulima aliyekaa mbali na mji angeweza kuagiza gitaa kwenye karatasi ileile aliyoagizia jembe na viatu. Hata baada ya Sears kuachana na umiliki, Harmony iliendelea kuitengenezea magitaa yaliyouzwa kwa jina la Silvertone. Kiwanda kilifyatua mamilioni ya ala, na wengi waliokuja kuwa na majina makubwa waliyaanzia hayo. Keith Richards wa Rolling Stones alipiga Harmony Meteor siku za mwanzo kabisa za bendi yake. Halikuwa gitaa la kuwekwa kwenye kabati la kioo. Lilikuwa gitaa la mtu wa kawaida anayetaka kuanza.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1975, baada ya magitaa ya bei nafuu kutoka Asia kuifunika Marekani. Jina likauzwa, likabandikwa kwenye magitaa ya huko huko Asia, likachuja. Mwaka huohuo wa 1975 hapa Kampala Moses Matovu na wenzake walianzisha Afrigo Band. Mjomba aliuheshimu mwaka ule kwa ajili ya Afrigo, na alipojua kwamba ndio mwaka kiwanda cha gitaa lake kilipozimwa, alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Basi sisi ndio tuliobaki na kazi."

Halafu likaja hili la kufufua. BandLab Technologies ya Singapore, chini ya Meng Ru Kuok, ililichukua jina, na mwaka 2018 Harmony ikatangazwa upya. Magitaa ya umeme, Rebel, Silhouette na Jupiter, yakatengenezwa Kalamazoo, Michigan, kwenye jengo la kampuni ya magitaa ya Heritage, ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha magitaa ya Gibson. Pikapu za dhahabu zimerudi, maumbo yale ya mviringo yamerudi, na shingo sasa inakazwa na kulegezwa. Sina neno na ufundi wake. Nimewasikiliza wapigaji wengi wakiyapiga, na ile sauti kavu, iliyo wazi, inayokufa haraka, ipo. Kwa sisi wa sebene, kile kipande cha magitaa cha kuchezesha watu katika muziki wa Kongo, sauti hiyo ni mali. Gitaa la solo linarudia kifungu kilekile mara kumi, mi-solo, gitaa lililo kati ya solo na ridhimu, linajaza nafasi, na kama kila noti inavuma muda mrefu mnapata uji. Pikapu ya namna hii inakata noti na kumpisha mwenzako.

Lakini bei ilizidi dola 1,000. Kwa pesa yetu hiyo ni karibu shilingi milioni nne, kabla hujagusa nauli na ushuru. Ni mishahara ya miezi mingi ya mwalimu wa shule ya msingi. Na hapa ndipo ninapokataa kusema kwamba Harmony imefufuka. Kilichofufuka ni jina na sura. Kazi ya gitaa lile, yaani kumfikia asiye na pesa, imeachwa kaburini.

Najua jibu litakalokuja: mshahara wa fundi wa Michigan si wa kuchezea, na gitaa la kutengenezwa pale haliwezi kuuzwa rahisi. Nakubali. Mtu akitaka kumlipa fundi wake vizuri, mimi namuunga mkono. Lakini hakuna aliyelazimisha jina hili, kati ya majina yote, lipande ngazi hiyo. Tazama Danelectro. Nathan Daniel aliianzisha mwaka 1947, akatumia mbao za kushindiliwa, zile nyembamba za bei ya chini, na pikapu alizozitia ndani ya vibweta vya kuwekea rangi ya midomo. Ilifungwa 1969. Ilipofufuliwa miaka ya 1990, waliolishika jina walibaki na mbao zilezile na vibweta vilevile, wakapeleka kazi viwanda vya Asia, na bei ikabaki ya mwanafunzi. Mtu anaweza kulalamika kuhusu mahali lilipotengenezwa. Mimi naona wao walielewa walichokirithi.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba BandLab wanajua kabisa namna ya kumfikia mtu wa chini. Programu yao ya kurekodi muziki kwenye simu ni ya bure. Vijana wa Kampala wanaoingiza sauti zao chumbani, blanketi limefunika dirisha, wengi wanaitumia hiyo. Kampuni iliyompa kijana studio bila kumdai senti ingeweza pia kumfikiria anaposhika ala.

Sisi tumekulia wapi? Kambini Nsambya, hapahapa Kampala, ambako Kiswahili ndicho kilituunganisha watoto wa kila kabila, gitaa langu la kwanza lilikuwa debe la mafuta na nyuzi nne zilizochambuliwa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Waya ule unakata vidole. Ukiupandisha sana unakatika na kukurukia usoni. Siku mjomba aliponikabidhi Harmony nilidhani nyuzi zake ni laini kama hariri, kumbe zilikuwa chakavu, zimeota kutu. Alilinunua kwa mpiga solo wa bendi ya hoteli, na mama yangu mpaka leo anakumbusha kwamba pesa ile ilikuwa ya mabati.

Yule kijana nilimjibu hivi: zina thamani yake kwa mwenye pesa, na zimetengenezwa vizuri, ila wewe usikope. Nikamwambia aje Jumamosi, gitaa limetoka kwa fundi. Tupo sita, tunapokezana, kila mmoja nusu saa, na anayengoja zamu anashika besi.

Alifika saa tatu kasorobo, kabla ya wote, amekata kucha za mkono wa kushoto.