Nyanya mnaninyang'anya, bia mnanifungulia

Imerudi tena kwenye grupu la ukoo ile voisi ya "daktari" asiyetaja jina lake wala hospitali yake. Eti wenye soriasisi, huu ugonjwa wa ngozi kuota mabaka yenye magamba, tuache nyanya, bilinganya, pilipili, mayai, maziwa, ngano, nyama nyekundu na samaki wasio na magamba, ngozi itakuwa kama ya kichanga. Shangazi kaiforwadi na viemoji vya maombi. Sasa shangazi, nibaki na nini, mchicha wa kuchemsha?

Ila kinachonipandisha presha sio hiyo listi. Kwenye shughuli zetu nikigusa mshikaki tu kuna mkono unatokea sijui wapi unanipokonya, "we na ngozi hiyo nyama ya nini", halafu hapohapo bamkubwa ananifungulia bia ya baridi, nikikataa naambiwa naringa. Bia! Pombe ndo inayojulikana kuendana na soriasisi kali, na ukiwa unameza methotrexate, moja ya dawa za soriasisi, ndo unalitwisha ini mizigo miwili, lakini voisi ya pombe sijawahi kuiona. Ya sigara hakuna. Ya kitambi ndo usiseme kabisa, maana kwetu ukipungua kidogo tu watu wanaanza kunong'ona anaumwa nini huyu, wakati wataalamu wa Marekani walipopitia tafiti za chakula na soriasisi mwaka 2018, ushauri waliousisitiza kwa nguvu ulikuwa aliyezidi uzito apunguze. Kuacha ngano wakawaachia wale tu ambao vipimo vya damu vinaonyesha miili yao inagombana na gluteni, ile protini ya ngano. Basi. Lakini nani atamwambia mtu apunguze sahani ya pilau, si rahisi kulaumu bilinganya ambayo haina ndugu?

Haya, nakubali shingo upande, kuna mtu akila pilipili anawashwa usiku kucha, huyo aiache. Ila hiyo ni yake, msiigeuze sheria ya ukoo mzima.

Mimi kinachonisaidia hakina maneno mengi. Nikitoka kuoga, kabla sijakauka, najipaka mafuta ya mgando mazito viwikoni na magotini mpaka panateleza, na magamba siyabandui kwa kucha hata yakinishawishi vipi, maana nikijichubua baka jipya linaota kwenye mchubuko uleule. Kajua ka asubuhi kidogo, sio la saa saba Kariakoo. Shati jeusi silivai siku ya kupanda daladala, unga ukidondoka begani jirani anahama siti kama vile nitamrushia. Haiambukizi jamani!! Ni kinga ya mwili imechachamaa, ngozi inajitengeneza kwa siku chache kazi ambayo kwako inachukua kama mwezi.

Na hicho kikopo cha krimu kisicho na lebo mnachoninunulia sokoni, kinachosafisha kila kitu chapchap, nakiogopa kuliko nyama ya ng'ombe. Nitajuaje kama ndani hakuna steroidi kali, dawa ya kutuliza ngozi iliyowaka, ambayo nikiiacha ghafla ugonjwa unarudi na hasira? Pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha magonjwa ya ngozi tangu 1992, kinafundisha wataalamu kutoka nchi kibao za Afrika. Hela ya kikopo nipeni niongezee kwenye nauli ya basi.