Viini 16, Yuniti Sifuri

Nimeona ni heri niandike mwenyewe habari ya mashindano ya kompyuta yangu na ya shemeji, maana rafiki yangu aliyekuwepo sebuleni kwangu Jumamosi usiku amekwisha kutuma sauti ya dakika nne katika kundi letu la wapiga video za harusi, na ndani ya sauti hiyo mimi nimelia, mama mkwe amezirai, na gari la zimamoto limefika. Zimamoto hawakufika. Mama mkwe hakuzirai, bali alicheka, jambo ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko kuzirai. Habari ya machozi nitaieleza tutakapofika.

Ile kompyuta yangu mnaijua, kwa kuwa nimewachosha na picha zake tangu nilipoinunua Kariakoo, mtumba, kwa shilingi 950,000. Ndani yake zimo prosesa mbili, yaani bongo za kompyuta, za Intel Xeon E5-2670, kila moja ina viini 8 vya kufanyia hesabu na nyuzi 16, yaani njia za kupitishia kazi, pamoja na kumbukumbu ya gigabaiti 64. Prosesa hizi zilitoka mwaka 2012, na wakati huo moja peke yake iliuzwa kwa zaidi ya dola 1,500, hesabu ambayo kila mgeni wangu husomewa hata kabla hajaletewa maji ya kunywa.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuja na mama yake kututembelea akiwa amebeba mpakato wa MacBook Air wenye prosesa ya M1, ile iliyotolewa Novemba 2020. Ni kitu chembamba ambacho ukikiweka mezani unaweza kukifunika na gazeti ukasahau kilipo. Chaja yake ni ya wati 30 na ukubwa wake ni wa kipande cha sabuni. Nilipoambiwa kwamba ndani hakina hata feni, nilisema kwa sauti ya mtu mwenye viini 16: “Shemeji, kitu kisicho na feni hakifanyi kazi, kinapumzika.” Maneno hayo sasa yameandikwa kwenye stika, na stika hiyo inazunguka katika kundi. Ahsanteni.

Binti wa watu hakubishana. Alisema tu, “Sawa shemeji, tujaribu.” Hapo ndipo nilipoapa mbele ya mama mkwe kwamba hicho kibapa kikinishinda, Jumapili nitaingia jikoni mimi mwenyewe na nitapika pilau.

Kazi tuliyochagua ilikuwa halisi: video ya harusi ya dakika 40, iliyopigwa kwa 4K, yaani picha kali sana, katika mfumo wa HEVC wa kubana video, ambayo mteja alikuwa akiidai tangu Alhamisi. Programu ileile, mafaili yaleyale, ubora uleule. Saa mbili na dakika kumi usiku tulibonyeza kwa pamoja ili kurenda, yaani kompyuta itoe video iliyokamilika, na mashine yangu ikaanza kuvuma kama basi la mkoani linalopanda mlima Kitonga. Kwa muda nilijisikia vizuri sana. Mama mkwe, ambaye alikuwa amefua mtandio wake jioni, alizunguka nyuma ya mashine, akaukinga mkono ule upepo, akasema, “Huku kuna joto zuri,” kisha akautundika mtandio hapo kwenye kiti.

Baada ya dakika 26, shemeji alifunga kifuniko cha mpakato wake na kuchukua simu.

Nilidhani amekata tamaa. Alikuwa amemaliza. Wakati huo mimi nilikuwa kwenye asilimia 38, na nikajisikia nikitaja ile methali ya haraka haraka. Mtu wa video anayedaiwa kazi na mteja akimtajia mwenzake methali hiyo, jueni amekwisha kushindwa. Ningeweza kuizima mashine pale pale, nikacheka pamoja na wenzangu, na leo nisingekuwa nawaandikia chochote, lakini badala yake nilitangaza kwamba mashindano ni hadi mwisho na nikaanza kudai maelezo.

Nilisema: mimi nina viini 16, wewe una 8, na vinne kati ya hivyo ni vile vidogo vya kubana matumizi. Nilisema: kasi yangu hupanda hadi gigahezi 3.3, yako ni 3.2. Shemeji alinijibu kwa adabu iliyoniumiza zaidi kuliko kama angenitukana. Gigahezi, alisema, ni kuhesabu mapigo ya jembe, lakini jembe la M1 ni pana, kwa sababu kiini chake kikubwa hupokea maagizo hadi 8 kwa kila pigo, ilhali changu hupokea 4. Prosesa yangu imechorwa kwa teknolojia ya nanomita 32 na ina transista, yaani vijiswichi vya umeme, bilioni 2.27, yake ni ya nanomita 5 na ina bilioni 16, hivyo hata nikizijumlisha mbili zangu sifiki theluthi yake. Kisha akamalizia na lile ambalo sikuwa na pa kulikwepa: mfumo wa HEVC ulipitishwa mwaka 2013, na prosesa yangu ilikuwa imekwisha kutoka kiwandani mwaka mmoja kabla, kwa hiyo kila picha ya harusi ile ilikuwa inafumbuliwa kwa hesabu za mkono, moja baada ya nyingine, wakati M1 ina sehemu maalumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Kadi yangu ya michoro nayo ni ya enzi hizo hizo, haikuweza kuinua hata kidole.

(Kwa wale mnaotaka kununua mashine kama yangu na mmeanza kuogopa: mtu anayeendesha kompyuta pepe tano (kompyuta za kuigizwa ndani ya moja) kwa wakati mmoja, au anayehitaji kumbukumbu inayojisahihisha makosa, bado ataipenda. Shemeji mwenyewe ana gigabaiti 8 tu. Nilimwambia hivyo. Hakukataa. Hilo nalo liliniuma.)

Sasa kuna jambo ambalo mke wangu alikuwa amenieleza mchana: “Baba Nuru, umeme unaisha.” Nilimjibu kwamba nitanunua. Prosesa zangu kila moja imepangiwa wati 115, yaani 230 kwa zote mbili, kabla hujahesabu diski, kadi na zile feni za Kitonga. Kile kidude cha LUKU ukutani, mita ya umeme wa kulipia kabla, kilikuwa kimewasha taa nyekundu tangu magharibi, na mimi nilikuwa nimekipa mgongo.

Asilimia 89. Nilisimama. Asilimia 90. Nilimwambia rafiki yangu achukue video ya ukumbusho, naye, kwa bahati mbaya, akatii. Ikafika 91, na nikainua mkono kana kwamba natambulisha mgeni rasmi. Kwanza taa ilikatika. Kisha jokofu likakohoa mara moja na kunyamaza. Kisha feni zote za mashine zikashuka sauti kwa pamoja, polepole, kama basi lililozimikia katikati ya mlima likiwa na abiria wote. Mkono wangu ulikuwa bado juu. Katika kimya kile nilisikia mbu, na jirani akiuliza mkewe kama na kwao umeme upo. Kwao ulikuwepo.

Shemeji, kwa nia njema kabisa ya kummulikia mama yake asijikwae, alifungua mpakato wake, ambao betri ilikuwa bado imejaa tele, akaugusa mahali, na video ikaanza kucheza. Sebule nzima iliangazwa na bwana harusi. Matarumbeta yakalia. Bibi harusi akaingia ukumbini akitabasamu, rangi zote zimekaa sawa, na mimi nimesimama gizani mbele yake na mkono juu.

Mama mkwe aliitazama ile skrini, akanitazama mimi. “Kumbe harusi imekwisha siku nyingi? Sasa baba, wewe muda wote huo ulikuwa unapika nini?”

Akacheka hadi akashika ukuta. Kuhusu machozi: sebule ilikuwa imepata joto, nami natoka jasho, na jasho likiingia machoni matokeo yake yanafanana.

Yaliyofuata ni machache. Nilinunua umeme kwa simu, mteja akapelekewa video ya shemeji, na Jumapili nilipika pilau, ambalo lilishika chini. Nimeombwa na mke wangu niihamishie mashine chumba cha stoo na nimekubali.

Mtandio wa mama mkwe, kwa taarifa yenu, ulikauka.