Kamera ya nyumbani: iite kwa kila kitu, au ichague?

Ukimshauri mwenye kamera ya nyumbani apunguze arifa inazomtumia kwenye simu, jibu huwa analo mdomoni: bora nisumbuliwe na paka mara mia kuliko nimkose mwizi mara moja. Si hoja ya kupuuza. Aliyeamka akakuta taa za gari zimeng'olewa hatakuelewa ukimwambia kengele zimezidi.

Tatizo ni kwamba hoja hiyo inamchukulia mwenye simu kama mtu atakayefungua kila arifa. Hafungui. Mwanzoni anakimbilia kila moja, baadaye anafuta bila kusoma, mwisho anazima sauti, na siku ya mwizi simu inawaka peke yake kwenye chaja. Polisi wa Marekani walikwishapitia haya kwa kengele za wizi. Zaidi ya asilimia 90 ya miito ilikuwa ya bure, na mwaka 2000 jiji la Salt Lake City likaamua kwamba polisi hawatoki hadi kuwe na mtu aliyethibitisha kuna jambo. Kengele ilipozoeleka, hata wanaolipwa kuiitikia waliacha kuiitikia.

Kwa hiyo mimi nipo upande wa kupunguza. Ila namna wengi wanavyopunguza inanitia wasiwasi: wanaingia kwenye programu ya simu, wanashusha kiwango cha unyeti, yaani wepesi wa kamera kushtuka, na kwao kazi imekwisha. Hapo paka amenyamazishwa, na huenda mtu naye amenyamazishwa pamoja naye.

Kwanza jua kamera yako inaonaje. Kamera nyingi za umeme, zile za kuchomeka ukutani, hulinganisha picha na picha. Sehemu ya kutosha ya picha ikibadilika, inahesabu kuna mwendo. Haijali kama ni kivuli cha mwembe, kanga kwenye kamba, mvua, au taa za bodaboda zinazopita ukutani. Usiku mambo huzidi, kwa sababu taa zake za infraredi, za mwanga usioonekana kwa macho, zimezunguka lensi yenyewe. Nondo akipita sentimita chache mbele yake, mwanga wote unamwangukia na anatokea kwenye picha mweupe, mkubwa kama jogoo. Utando wa buibui nao ukitikiswa na upepo, kengele hazikatiki hadi asubuhi. Hapo usiguse mpangilio wowote, chukua ufagio. Na ukiweka taa ya kawaida mbali kidogo na kamera, kisha ukazima infraredi, wadudu watahamia kwenye taa na kamera itapumua.

Kamera za betri na za sola ni hadithi nyingine. Nyingi huamshwa na kihisi cha joto, kinachotofautisha mwili wenye joto na mazingira yake. Kikawaida hakisumbuliwi sana na vivuli, na hiyo ni faida. Lakini kinategemea tofauti ya joto. Mchana wa Januari Dar es Salaam, ukuta uliopigwa na jua unakaribia kabisa joto la mtu, na kihisi kinaweza kumpitisha kimya. Tena kinamhisi vizuri anayekatiza mbele yake kuliko anayekijia uso kwa uso, na mafundi wetu wanapenda kuifunga kamera ikitazama moja kwa moja njia ya kutoka getini. Kisha wanaondoka na mpangilio wa kiwandani, mwenye nyumba akibaki kuilaumu kamera.

Tofauti hii ndiyo inayoamua nani ana haki katika ubishi wetu. Kamera ya umeme yenye memori kadi au mashine ya kurekodia inaweza kurekodi saa 24 bila kukuita. Huko punguza arifa bila hofu, kwani ushahidi unabaki pale pale. Kamera ya betri, kwa kawaida, isipoamka haikurekodi chochote. Ukishusha unyeti wake umepoteza arifa na picha kwa pamoja, na yule wa "bora paka mia" anakuwa amekushinda. Kwa kamera hiyo acha unyeti juu, sogeza mahali ilipofungwa, halafu chuja arifa tu.

Kuchuja ndiko siku hizi kunafanywa na akili mnemba: kamera inatazama umbo na kuamua kama ni mtu, gari au mnyama. Inasaidia sana, sitaki kuidharau. Bado, mtu anayetambaa kando ya ukuta, au ambaye nusu ya mwili imefichwa na tangi la maji, si umbo ambalo ningelikabidhi kwa mashine peke yake. Tena kwa baadhi ya kampuni huduma hiyo inadai malipo ya kila mwezi, juu ya bando.

Jambo lisilo na ubishi ni kuchora eneo. Kama geti lako linatazama barabara ya mtaa, ondoa barabara kwenye eneo linaloita. Wapita njia wa saa kumi na mbili jioni hawakuhusu. Ukiziba kabisa sehemu hiyo ya picha, au ukageuza kamera, jirani naye anapata faragha yake. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, lakini hata bila sheria, dirisha la jirani si mali yako kulirekodi.

Kuna mahali pamoja ninapobadili upande: nyumba isiyo na mtu, hasa ile inayojengwa Kigamboni huku mwenyewe yuko Minneapolis, Marekani. Mchana mafundi wanapita na ndoo na arifa hazina maana. Adhuhuri yetu ni saa kumi alfajiri kwake, miezi mingi ya mwaka. Zizime mchana. Ila kuanzia saa mbili usiku, mifuko ya saruji na nondo vikiwa peke yake, washa kila kitu, hata paka aite. Usiku wetu yeye yuko macho, anaweza kuangalia. Kisha apige simu, maana mlinzi wa saiti ana simu ya kitochi, na programu ya kamera haitamfikia.