Kadi Tena!

Mimi ni mtu mzima. Nina watoto, nina deni la kikoba, nina mgongo unaotabiri mvua kabla ya watu wa hali ya hewa. Sikutafuta gemu. Gemu nililetewa na shemeji, mdogo wake mama watoto, aliyeomba simu yangu "mara moja tu" akairudisha ikiwa na mnara ndani. Mwenye lawama ampigie yeye.

Linaitwa Slay the Spire. Ni kazi ya vijana wawili wa Seattle, Marekani, Anthony Giovannetti na Casey Yano. Walilitoa lingali bichi Novemba 2017, wachezaji wakawa wanalijaribu mpaka likakamilika Januari 2019, na muda wote huo wenyewe walikuwa wanakusanya takwimu: kadi gani inachukuliwa, gani inaachwa, zimwi gani linaua watu wengi. Yaani wenzetu walikaa na daftari wakihesabu vifo, halafu wakasema sawa, sasa mpeni na yule wa Mbagala.

Ukitaja gemu la vita watu wanafikiria bunduki na mbio. Hapa hakuna mbio. Unapanda mnara, kila unapofika pana balaa lake, na silaha yako ni kadi. Zamu kwa zamu. Unacheza wewe, unabonyeza kitufe cha kumaliza zamu, zimwi nalo linacheza. Ukiitwa ukashike mtoto, zimwi linakungoja. Tena lina adabu: juu ya kichwa chake linaandika kabisa kwamba zamu hii nakupiga kwa ngapi.

Mtu wako wa kwanza ni Ironclad, jibaba lenye damu 80, zikiisha kafa. Anapewa kadi kumi: tano za kupiga, nne za kujikinga, na moja ya kutwanga inayomwacha adui akiumia zaidi ya kawaida. Kila zamu zinakuja mkononi kadi tano, na una nguvu tatu za kutumia. Kupiga kunakula nguvu moja, kunamtoa adui damu sita. Kujikinga kunakula moja pia, kunakupa ngao tano, na ngao hiyo zamu yako nyingine ikifika imeyeyuka. Hakuna cha akiba. Hesabu ya darasa la tatu. Basi nielezwe kwa nini adui akiandika 11 kichwani, mkononi kwangu zinakuja Kupiga, Kupiga, Kupiga, Kupiga na Kupiga. Akitulia hana habari na mimi, ndipo Kujikinga zinajileta zote nne kama zimekodi bajaji moja. Shemeji anasema ni bahati nasibu. Mimi karata nimeanza kucheza nikiwa shule ya msingi, karata zilizopangwa nazijua.

Kuna mmoja amevaa kichwa cha ndege. Jina lake Cultist, mimi namwita Kunguru. Zamu ya kwanza hakugusi, anakulilia tu kama kunguru, unamcheka. Zamu ya pili anakutia 6. Ya tatu 9. Ya nne 12. Na atapanda hivyo hivyo mpaka umalize kucheka. Mtu niliyenyang'anywa kipande cha samaki na kunguru pale Feri, mchana kweupe, watu wanaangalia, leo nimelipia kunguru mwingine akae kwenye simu!

Na huyo ni mtoto. Ngoja ukutane na Gremlin Nob. Pande la zimwi, damu themanini na kitu, na akishaunguruma ile mara ya kwanza, kila ukicheza kadi ya maarifa badala ya kadi ya kupiga, nguvu zake za kupiga zinaongezeka mbili. Kujikinga nako wamekuhesabu kuwa ni maarifa. Yaani ukijikinga, anakasirika. Ukijikinga tena, anakasirika zaidi. Nilipoelewa hilo niliiweka simu mezani nikaitazama, maana yule mtu namfahamu, ndiye ninayeripoti kwake kila asubuhi. "Bosi, barabara ilifungwa." Mbili. "Bosi, ile ripoti niliiweka mezani kwako juzi." Mbili nyingine. "Bosi, hata mwenzangu anajua." Hapo sauti inasikika mpaka kwa mlinzi getini. Shemeji anasema dawa ya Nob ni kuacha kabisa kujitetea, unamshushia kipigo mfululizo mpaka alale. Kazini dawa hiyo sijaijaribu. Nina watoto wanasoma.

Lakini kinachonitoa roho hasa ni kadi.

Kila ukiua zimwi unaletewa kadi tatu uchague moja. Zinameta, zina picha, kila moja ina maelezo matamu kuliko mwenzake. Chini kabisa pana kitufe kidogo kimejibanza: ruka. Mtu aliyelelewa akaambiwa cha bure hakikataliwi, atabonyeza ruka kwa mkono gani? Unachukua. Ukiua jingine, unachukua. Unapita unasema mimi sasa ni tajiri. Siku moja shemeji akachungulia begani kwangu akashika kichwa. "Shemeji, umebeba nini chote hicho?"

Hesabu yake ni hii. Ukiwa na kadi kumi, ndani ya zamu mbili umeziona zote. Zikifika thelathini, hadi uzimalize ni zamu sita. Ile moja kali uliyoitegemea inaweza kuwa imelala chini kabisa, inakuja kukusalimia ukiwa tayari marehemu. Kwa hiyo wajuzi wa mnara ule wanatembea na jozi nyembamba, kadi chache tu. Wanaletewa mazuri, wanasema hapana. Na dukani, kuna muuzaji amejifunika uso kakaa kwenye zulia, huduma wanayoigombania kwake siyo kununua, ni kuondolewa kadi. Unamlipa dhahabu 75 akuchukulie kitu chako mwenyewe. Ukirudi tena, 100. Ukirudi tena, 125. Nimefanya biashara ya mitumba miaka ya ujana wangu, sijawahi kumwona mteja analipa aachie nguo.

Hata hivyo wazo likanikaa. Nikasema kumbe kadi zinakataliwa! Sasa wewe njoo kwangu msimu wa harusi uone jozi ilivyonona. Kadi ya mchango, mtoto wa jirani anaoa. Kadi ya sendofu, binti wa mhasibu wetu. Kadi ya kitchen pati, ambayo mlangoni siruhusiwi kukanyaga ila sufuria ni jukumu langu. Kipaimara. Ubarikio. Single elfu hamsini, double laki. Nimeigeuza kadi mbele, nimeigeuza nyuma, nimeiangalia mpaka kwenye mwanga wa taa: hakuna ruka. Pana "Bw. na Bi.", pana namba za kutumia pesa za mitandao yote, na tarehe ya mwisho imepigiwa mstari kwa wino mwekundu.

Nikajaribu ile huduma ya kuondoa. Kundi la WhatsApp la kamati nikajitoa saa sita usiku, saa ambayo kila mwenye imani yake amelala. Siku hizi ukijitoa haitangazwi kwa wote, anaona msimamizi tu. Vizuri. Kumbe msimamizi ni mweka hazina, na mweka hazina halali. Sijaweka simu chini, nimerudishwa, na chini yake kaandika: "Mheshimiwa kidole kiliteleza, tumemrejesha. Ahadi yake ni laki." Makofi yakafuata, vile vimikono vya njano, safu nzima. Watu walikuwa macho!

Turudi mnarani. Kuna kadi za laana, hizo hata hazichezeki. Zinakuja mkononi zinakaa, zinakula nafasi ya kadi yenye kazi. Kuna nyoka mmoja utamkuta njiani anakupa dhahabu 175 papo kwa papo. Masharti anakuonyesha kabisa: chukua, ila na kadi ya Shaka unaondoka nayo, na kila zamu utakayoimaliza ikiwa mkononi, inakulegeza. Jamani, 175 ni 175. Nikachukua. Vita iliyofuata Shaka ikaja zamu ya kwanza. Zikachangwa upya, ikaja tena. Nikasema kwa sauti, "Hii laana mbona inaniandama mimi tu!"

Mama mkwe alikuwa sebuleni, amekuja kututembelea. Akaweka kikombe chini.

"Baba, laana ya nani hiyo?"

"Ya nyoka, mama."

Ningenyamaza hapo ingekuwa nafuu, ila nilitaka aelewe. "Alinipa hela, mama, nikapokea."

Mama mkwe akamtazama binti yake. Binti yake akanitazama mimi. Hakuna aliyeuliza zaidi. Jumamosi nimetoka kuoga nakuta jumuiya nzima imejaa kwenye viti vyangu, Mama Mwenyekiti ameshika kitabu cha nyimbo, na mimi nimewekewa kiti katikati. Nikaombewa kitu cha kukaribia saa nzima. Soda na maandazi nilinunua mimi.

Mwishoni mwa sehemu ya tatu ya mnara anaweza kukungoja Time Eater. Huyu anahesabu kadi unazocheza. Ikifika ya kumi na mbili anaikata zamu yako pale pale, ulichokuwa unataka kufanya kinabaki mkononi, na yeye anajiongezea nguvu. Nilimfikia nikiwa kwenye daladala, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine simu. Nimecheza kadi tano tu, hesabu iko upande wangu. Amebakiza damu ya kupangusa. Kilichobaki ni kuweka ngao moja nimalizie zamu ijayo. Sasa kitufe cha kumaliza zamu kiko kona ya chini kulia, na kona hiyo hiyo ndiyo kioo changu kilipopasuka, ukikaribia hapo simu inaamua yenyewe. Naivuta ngao taratibu kwa dole gumba. Konda: "Mtongani wapo?" Mtu wa nyuma: "Shusha!" Dereva akakanyaga breki kama ameona jeneza. Dole likateleza mpaka konani. Zamu ikaisha, ngao ingali mkononi, na kule ukifa unaanza mnara upya kutoka chini.

"Nimekufa!" nikapayuka.

Bibi aliyekaa mbele yangu akasimama na kapu lake. "Kaa baba, kaa. Pole." Gari zima likaniangalia hadi nikakaa.

Kijiweni ndiyo kabisa sipati huruma. Pale kwenye kahawa kuna mzee mmoja mfalme wa karata, akiangusha ree ya turufu vikombe vinaruka. Akaniona nimeinamia simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unacheza na nani?"

"Peke yangu, mzee."

"Karata, mtu peke yake?" Akanyoosha mkono, nikampa. Nikamweleza mara moja: nguvu tatu, kadi tano, adui anaandika kichwani. Akaanza kubonyeza kwa kidole cha shahada, anakipiga kwenye kioo vile vile anavyopiga meza. Zimwi la kwanza chali. Zikaja kadi tatu zinameta. Mzee hakusoma hata moja. "Hizi za nini? Ninazo zinatosha." Ruka. Zimwi la pili, ruka. Akakutana na Nob, akamtandika mfululizo bila kujitetea, akamlaza, huku anamalizia kahawa yake.

Akanigeukia. "Ukimaliza mnara wote unapata nini?"

"Unafunguliwa ngazi ngumu zaidi, mzee."

"Na ukiimaliza hiyo?"

"Ngumu kuliko hiyo. Ziko ishirini."

"Halafu?"

"Halafu kuna wahusika wengine watatu. Kila mmoja ana ishirini zake."

Mzee akanirudishia simu. Akamwita muuza kahawa, akaagiza benchi zima wamiminiwe na wapewe kashata, akanielekezea kidole. "Atalipa huyu mwenye mnara."