Kabla ya Kununua Kasha la Kompyuta, Ligeuze Ulione Chini

Ingia duka lolote la kompyuta hapa Mombasa uulizie kasha la dekstopu, na nakuhakikishia la kwanza kuteremshwa litakuwa lenye taa. Kioo mbele, kioo ubavuni, feni tatu zinazobadilika kutoka zambarau hadi kijani. Muuzaji atalichomeka kwenye umeme, na hapo mnunuzi huwa kashalainika, bei haimuumi tena.

Sina ugomvi na taa. Ninachopinga ni kununua kasha kana kwamba linakwenda kukaa kwenye chumba chenye ubaridi na hewa kavu. Letu litakaa Kisauni, Majengo au Likoni, madirisha wazi mchana kutwa. Huku sura ya nje ndiyo inayoamua kompyuta itadumu au itakufa mapema.

Tuanze na uso. Feni haitengenezi baridi, inahamisha hewa tu. Wakati wa kaskazi chumba kikiwa na nyuzi 32, hakuna feni itakayoshusha joto la ndani ya kasha chini ya hizo 32. Kwa hiyo hewa inayoingia haina budi kuwa nyingi. Kasha lenye kioo kizima mbele huvuta hewa kupitia upenyo mwembamba wa pembeni, na feni zake za milimita 120 hubaki kuhangaika nyuma ya kioo huku zikipiga kelele. La wavu mbele hupumua. Halipendezi sana kwenye picha, lakini ndilo langu.

Wavu nao huleta vumbi, ndiyo maana nikasema ligeuze. Siku hizi pawasaplai, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, hukaa chini na mara nyingi huvuta hewa kutoka sakafuni, kwa hiyo pale chini panatakiwa kuwa na kichujio. Jaribu kukichomoa ukiwa dukani. Kikitokea mbele au ubavuni, chukua. Kikichomolewa kwa nyuma, maana yake kila ukitaka kukisafisha ni lazima uvute kasha zima na labda ung'oe nyaya zote, na sote tunajua kazi kama hiyo huahirishwa mpaka mashine izime yenyewe. Tazama pia urefu wa miguu. Kasha lenye miguu mifupi likiwekwa juu ya zulia au mkeka limezibwa pua. Na siku ya kudeki, maji ya dekio hayaulizi kitu ni cha nani. Liweke juu ya kibao, au mezani kabisa.

Kioo cha ubavuni kina hatari ambayo wauzaji hawaitaji. Ni kioo kilichoimarishwa kwa joto, cha aina ile ya madirisha ya pembeni ya gari: usoni kigumu, ila kingo na pembe zake ni dhaifu. Kona yake ikigusa kigae tu wakati unakifungua, kinaweza kupasuka chote kikawa chembechembe, kwa sababu kigae ni kigumu kukishinda. Na nyumba ngapi mjini humu hazina vigae? Ukikifungua, kilaze juu ya kitanda au mto.

Halafu kuna chumvi. Bati la makasha mengi ni chuma kilichopakwa zinki kisha rangi, na zinki hiyo ni nyembamba. Chumvi ya baharini huvuta unyevu, na unyevu hutafuta pale palipokwaruzwa: kwenye skrubu, kwenye kingo za matundu ya nyuma, pale bati lilipokatwa. Pitisha kidole kwenye kingo hizo. Zikikwaruza ngozi, basi hata rangi haikushika vizuri.

Ukiwa huko nyuma, angalia vifuniko vya nafasi za kadi, yale matundu ambamo kadi za ziada kama ile ya grafiksi (ya kutoa picha kwenye skrini) hutokezea. Vya makasha ya bei ya chini huvunjwa mara moja kwa bisibisi na havirudi. Ukija kuitoa kadi ya grafiksi, umebaki na mlango wazi, na wapangaji wa pwani hawachelewi: mende, sisimizi, mjusi kafiri. Mjusi akikatiza juu ya maderbodi, ile bodi kuu inayounganisha vipande vyote, ikiwa na umeme, hasara ni ya wawili. Chagua vifuniko vya skrubu.

Matundu ya USB niyapendayo ni ya mbele. Ya juu yanatazama dari, kwa hiyo vumbi linatua moja kwa moja ndani, na ukiwa na watoto, chai pia.

Kuna wanaoniambia niache yote haya ninunue mashine za ofisi zilizokwishatumika, kina Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Bati lake ni imara kweli, na makasha yake mengi hufunguka bila bisibisi. Lakini nyingi zina maderbodi na pawasaplai za umbo la kwao wenyewe. Kipimo cha ATX, yaani vipimo vya pamoja vya maderbodi, pawasaplai na kasha vilivyotolewa na Intel mwaka 1995, ndicho kinachofanya kasha la leo lipokee maderbodi ya kampuni nyingine kesho. Kwenye mashine hizo uhuru huo mara nyingi haupo. Pawasaplai ikiungua kwa umeme wetu huu wa kupanda na kushuka, utazunguka barabara ya Digo yote ukitafuta ya umbo lile lile.