Paa Lililomtii Shemeji

Gari likifa moja kwa moja, hilo wala si tatizo. Unaita fundi, fundi anaona ubovu, unalipa huku unanung'unika, mnaachana. Balaa ni gari linaloumwa likipenda na kupona likipenda. Langu lina paa la turubai linalojikunja lenyewe ukibonyeza swichi. Kuna siku lilijikunja kwa madaha hadi watoto wakapiga makofi. Kesho yake, mbele ya watoto walewale, nikabonyeza: kimya. Nikabonyeza tena, safari hii kwa kidole kingine. Mmoja wao akaniuliza kwa upole kama nimelisahau neno la siri.

Kwa asiyeyajua mambo haya, ndani ya buti kuna pampu inayozungushwa na mota. Pampu inasukuma mafuta kwenye silinda mbili, moja kila upande, nazo ndizo zinazoinua fremu ya paa. Hiyo ni kazi ya misuli na mara nyingi haina maneno. Kero ni wambeya. Kila kona imetegwa kiswichi kidogo cha kupeleka habari kwa kompyuta: vioo vimeshuka, ndoano ya mbele imeachia, pazia la kutenga mizigo liko mahali pake, mlango wa buti umefungwa. Mmoja wao akisema "bado", au akikaa kimya tu, kompyuta inasimamisha shughuli nzima papo hapo. Paa limefika wapi, hilo ni shauri lako.

Basi siku moja nimempakia mama mkwe. Yuko kiti cha mbele, ametoka saluni muda si mrefu, na shemeji yuko nyuma amejinyoosha. Matone ya kwanza yakaanguka. Nikaegesha pembeni, nikabonyeza swichi kwa heshima zote. Paa likainuka kutoka nyuma, likapanda vizuri, likafika katikati, likagoma. Limesimama wima juu ya vichwa vyetu, halifungi wala halifunguki.

"Mwanangu," mama mkwe akasema huku akitazama juu, "hili gari halina paa au halina adabu?"

"Subiri kidogo, mama, linakuja."

"Linakuja kutoka wapi?"

Kuendesha hivyo haiwezekani, upepo ungeibeba fremu na bawaba zake. Kulivuta kwa mkono nako hakusaidii, kwa sababu mafuta yamelibana kwenye silinda mpaka ulegeze vali iliyoko kwenye pampu. Pampu iko kwenye buti, chini ya zulia. Na juu ya zulia kulikuwa na mizigo ya mama mkwe, ambaye sasa alikuwa amejifunika kitabu cha maelekezo ya gari kichwani. Ndiyo matumizi pekee ya kitabu kile yaliyowahi kuleta faida.

Hapo shemeji akashuka. Hakuuliza swali. Akazunguka nyuma, akalipiga buti kofi la kiganja kizima, akaliambia, "We! Mama analoa!"

Nikabonyeza kwa kukata tamaa. Paa likaja mbele taratibu, likakaa mahali pake, ndoano zikabana tii.

"Umeona?" mama mkwe akaniambia. "Linataka kusemeshwa na mtu mzima."

Tangu siku hiyo nyumbani kwangu kukawa na mtaalamu, na si mimi. Paa likigoma, mke wangu anasema, "Mpigie kaka." Kaka anakuja, analizaba kofi, anaondoka bila kunawa mikono. Mimi niliyesoma umeme wa magari usiku kucha naachwa nimeshika testa.

Nikalipeleka kwa fundi. Akafungua buti, akapima betri: volti 12.6, betri nzima kabisa. Akatazama mafuta ya pampu, yako sawa. Akachomoa fyuzi, akaziangalia kwenye mwanga, akazirudisha. Akabadilisha rilei, zile swichi zinazowashwa na umeme, akasugua kutu kwenye waya wa ethi. Akabamiza buti, akabonyeza swichi. Paa likafunguka, likafunga, likafunguka tena.

"Mbona linafanya kazi?"

Nikamwonyesha video niliyorekodi paa limegoma. Akaitazama hadi mwisho, akanirudishia simu. "Hiyo ni ya jana, bosi. Likikataa tena, lilete likiwa limekataa." Nililete vipi, na turubai limesimama wima? Hilo hakulisemea.

Nikarudi nyumbani, likakataa. Nikarudi kwake, likakubali. Ikafika mahali fundi ananitazama kwa huruma, ile huruma ya mtu anayejiuliza kama nyumbani kwako kuna amani.

Usiku mmoja nikaingia kwenye historia, angalau nijue wa kumlaumu. Nikakuta kwamba mmoja wa waasisi wa mapaa ya kujificha kwenye buti kwa umeme ni Mfaransa Georges Paulin, na wazo lake ndilo lililoingia kwenye Peugeot 401 Eclipse ya mwaka 1934. Kazi yake? Daktari wa meno. Nilicheka peke yangu gizani. Kumbe ndiyo maana paa langu linauma usiku kucha kama jino, kisha linatulia likiona tu kiti cha daktari! Wamarekani nao hawakubaki nyuma: Ford Skyliner ya 1957 hadi 1959 ilikuwa na paa zima la chuma la kuingia kwenye buti, likihudumiwa na zaidi ya mita 180 za waya. Nikalitazama langu la turubai kwa jicho jipya, jicho la shukrani.

Mambo yalibadilika siku nilipomsimulia fundi habari za shemeji, kwa nia ya kumchekesha tu. Hakucheka. Akaweka spana chini.

"Anapiga wapi hasa?"

"Kwenye buti."

"Mwite."

Shemeji akaja amevaa vizuri, kama ilivyo ada ya mtaalamu anayeitwa na wenzake. Fundi akachomeka testa kwenye waya wa kile kiswichi kinachotoa habari kwamba buti limefungwa. Shemeji akapiga. Taa ya testa ikawaka. Akapiga tena, ikazima. Fundi akalishika fungu la nyaya pale linapopita kwenye bawaba ya buti, akalikunja kidogo, na taa ikaanza kupepesa. Akachana mpira unaofunika waya. Nje waya mzima, mzuri, wa kupigiwa picha. Ndani shaba imekatika kabisa, imechoka kukunjwa kila buti likifunguliwa, na ncha mbili zinagusana kwa bahati tu. Mtetemo wa pampu ukizitenganisha, kompyuta inaamini buti liko wazi na inalisimamisha paa lilipofika.

Ndipo ikatubainikia sote wawili kwa mpigo. Kila nilipompelekea, kitu cha kwanza alichofanya ni kufungua buti akague, na cha mwisho ni kulibamiza. Ncha zikagusana, paa likatii. Alikuwa akilitibu kwa kulipima.

Fundi akakohoa, akatazama pembeni.

Kukata kile kipande, kuunga waya mpya laini kwa risasi na kuuachia ulegevu kwenye bawaba kulichukua muda mfupi kuliko hotuba ya shemeji, ambayo ilianza na maneno "Mimi tangu mwanzo..." na ilikuwa bado inaendelea tulipofika nyumbani. Paa sasa linafunguka na kufunga hata mvua ikinyesha, hata watoto wakitazama. Mama mkwe anasema ni kofi lile.

Juzi jirani yake shemeji amemwita, friji linawaka na kuzima. Ameenda amevaa shati la kupiga pasi. Friji linafanya kazi.