Kampuni inaponunua hisa zake yenyewe

Hapa Malindi ukitaja hisa, wengi wanarudi 2008, Safaricom ilipouza zake kwa KSh 5 na foleni zikajaa. Kampuni kuuza hisa tunakujua. Kampuni kutoa pesa na kuzinunua tena hisa zake yenyewe ndiko kunakozua ubishi barazani.

Wanaounga mkono wana mfano wa nyumbani. Mwaka 2021 Nation Media Group ilitangaza kununua hadi asilimia 10 ya hisa zake kwa KSh 25 kila moja, juu ya bei ya sokoni wakati huo, ikapata takriban hisa milioni 17. Kwa mtu mwenye hisa mia tatu alizorithi kwa marehemu babake, hiyo ilikuwa nafuu. Soko la Nairobi lina hisa ambazo hupita siku nzima bila mnunuzi wa maana. Mnunuzi mwenye bei moja na tarehe inayojulikana si haba. Aliyebaki naye hana neno, maana hisa zikipungua, faida hugawanywa kwa wachache.

Ikiwapo faida, lakini. 2023 na 2024 kampuni hiyo iliripoti hasara, na bei ikaporomoka chini ya KSh 20. Aliyeuza kwa 25 alipona. Aliyebaki ana sehemu kubwa zaidi ya kampuni iliyokwisha kutoa zaidi ya KSh milioni 400 taslimu, huku biashara ya magazeti ikizidi kuwa ngumu. Mpango ni mmoja, ila ulimfaa mmoja ukambana mwingine, na ukisoma hesabu za 2021 peke yake huwezi kuliona hilo.

Kwa hiyo mimi nafuata miaka. Katika taarifa ya mtiririko wa fedha, yaani hesabu za pesa taslimu zilizoingia na kutoka, kuna mstari wa ununuzi wa hisa. Nakili kiasi cha kila mwaka, kisha pembeni uweke bei ya hisa na idadi ya hisa zilizobaki. Tangazo la bodi usiliandike. Hiyo ni idhini tu, na bodi yaweza kuidhinisha mabilioni isinunue hata robo.

Safu hizo tatu huumbua. Meta, kampuni ya Facebook, ilitumia takriban dola bilioni 44 mwaka 2021, hisa yake ikiwa zaidi ya dola 300 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Novemba 2022 bei ilikuwa chini ya dola 100, na mwaka 2023, ulioanza hisa ikiwa bado rahisi, ununuzi haukufika bilioni 20. Mchuuzi wa samaki anayejaza friji wakati wa kusi, samaki adimu, kisha akabana mfuko kaskazi samaki wakiwa tele, angechekwa sokoni. Tena kampuni za teknolojia huwapa wafanyakazi wao hisa mpya kila mwaka, kwa hiyo sehemu ya matumizi hayo huishia kufuta tu ongezeko la hisa hizo mpya.

Apple ndiyo inayowapa watetezi nguvu: mwaka wake wa fedha wa 2024 ilitumia karibu dola bilioni 95, na tangu ilipoanza kununua zaidi ya miaka kumi iliyopita idadi ya hisa zake imeshuka kwelikweli. Ila 2013 iliuza hati fungani, yaani ilikopa kwa riba, za dola bilioni 17 ili kusaidia kuwarudishia wanahisa pesa, na kwa wengi wetu huku pwani deni la riba ni swali jingine kabisa. Bed Bath & Beyond, maduka ya Marekani ya vifaa vya nyumbani, ilimaliza zaidi ya dola bilioni 11 kwa kununua hisa zake tangu 2004, ikafilisika Aprili 2023.

Kwa mwenye hisa chache, mimi naegemea gawio, ile sehemu ya faida wanayolipwa wanahisa. Linakatwa kodi ya asilimia 5, ni kweli, lakini linaingia M-Pesa bila kumlazimu kukisia wakati wa kuuza. Mikutano mikuu siku hizi mingi hufanyika mtandaoni, kwa hiyo mtu aweza kuwauliza wakurugenzi akiwa hapahapa Malindi: mkisema hisa ni rahisi, nyinyi wenyewe mmenunua ngapi kwa pesa zenu mwaka huu?